Upande wa Pili wa Shuka

Waliolipa walikaa mbele, kwenye mabenchi ya Gulamali.
Mimi na Batuli tulikaa nyuma ya shuka,
kwenye mbigili za uwanja wa Tononoka, bila tikiti,
na shuka ile haikuwa na choyo:
mwanga ulipenya, ukatufikia na sisi,
ila ulifika umegeuka.

Kwa hivyo mashujaa wetu wote walikuwa wa mashoto.
Walikula kwa kushoto, wakaamkiana kwa kushoto
(mama angewachapa),
na majina yale makubwa ya mwanzo
Batuli alijaribu kuyasoma kuanzia kulia,
kama yasomwavyo ya chuoni.
Akafika katikati. Akasema, hawa hawakufunzwa irabu.

Spika zilielekea kwa wenye pesa.
Kwetu yalikuja makombo: nusu ya kicheko,
kishindo cha mlango uliokwisha kufungwa.
Hadithi sikuijua. Mpaka leo siijui.

Naijua ngazi.
Ngazi nyeupe, ndefu, ya watu waliotajirika vibaya,
na mwanamke yuwashuka mbio, viatu mkononi,
na mtandio wake nyuma, dhiraa kumi au zaidi,
ukimfuata kidato baada ya kidato,
taratibu, kama haujapata habari
kwamba mwenyewe ameshatoka.

Hapo upepo wa Kilindini ukaingia kwenye shuka.
Nyumba nzima ikavuta pumzi.
Vidato vikafura, mwanamke akakunjika kiunoni,
akanyooka,
hakukosea hata hatua moja.
Mbele, nasikia, watu walizomea.
Nyuma hapana aliyekohoa.

"Nyekundu ile!" nikasema tukirudi.
"Nyekundu gani? Ile ni damu ya mzee."
"Komamanga."
"Komamanga la wapi? Komamanga lina manjano ndani yake.
Wewe waona tu. Hutazami."
Tukabishana mpaka Mwembe Tayari,
tukabishana mlangoni, tukabishana kwa kunong'ona
taa ikiwa imezimwa, mama akigonga ukuta.

Akaichukua rangi ile kichwani hadi Mtaa wa Biashara.
Miaka sita, duka kwa duka,
akipapasa hariri, akiinua doria juani,
akiwaambia wauzaji: hapana, ishushe kidogo.
Hapana. Itie moshi.
Hakuipata. Akawashonea watu harusi zao
kwa rangi zilizokuwepo,
na kila gauni alilimaliza kwa neno lile lile,
pini zikiwa mdomoni:
"Haya. Hii ya kiasi."

Juzi Swabra, mwanawe, akanitafutia kwenye simu.
"Ndiyo hii, mjomba?"
Ngazi ilikuwepo. Safi mno,
bila kile kiraka pembeni mwa mbingu.
Lakini mwanamke alishuka kuelekea kushoto.
Nikamwambia siyo. Hawa wameiga.
Akanitazama kama atazamwavyo mtu
aliyesahau jina la mtaa wake.

Saa nane za usiku nikasimama mbele ya kabati la marehemu,
lile lenye kioo kirefu alichowasimamishia maharusi.
Nikaigeuza simu ikikitazama kioo.
Sauti nikaifunga; haikuwa yetu.
Naye akaja, viatu mkononi,
akashuka upande wake.

Kioo kimezeeka. Chumvi imekila kingo,
na kati pana ukungu usiofutika kwa khanga wala kwa siki.
Mtandio ukapita ndani ya ukungu ule,
kidato, kidato,
rangi ikashuka kidogo,
ikaingia moshi.

Damu ya mzee, Batuli.
Haya, nimekubali. Damu ya mzee.